Koti la Mwalimu

Siku ya nne tangu treni itumbukie mtoni, Dobi alikuwa ameshawarudisha makwao watu kumi na mmoja, na hakuwa amegusa mwili hata mmoja. Kazi yake ilikuwa nguo. Ndani ya ukumbi wa shule ya msingi madawati yalikuwa yameunganishwa safu tatu, na juu ya kila dawati palikuwa na mfuko wenye namba, na ndani ya mfuko nguo za mtu ambaye uso wake ulikuwa umeharibiwa na maji. Dobi alipindua kola, akatazama ndani, akataja nyumba. Karani akaandika.

Usidhani ni uganga. Kila dobi ana alama zake, na huyu alizishona kwa uzi, ndani ya kola au kwenye ukanda wa suruali, kila nyumba na rangi yake na mtindo wake. Kwa fundi bomba, mishono mitatu ya bluu. Kwa nesi wa zahanati, pembetatu ya njano. Daftari hakuwa nalo, daftari lake lilikuwa kichwa, na miaka yote watu walimtania kwamba siku akifa mtaa mzima utavaa nguo za wenzao. Sasa mabehewa mawili yaliyozama yalikuwa yamejaa watu wa mitaa yake, na serikali nzima ilikuwa inakisubiri kichwa hicho hicho.

Nchi ilikuwa imeduwaa. Haikujua ilie au ifanye nini, basi ikafanya kila kitu kwa mpigo. Watu walipanga foleni kutoa damu mpaka wahudumu wakawaomba warudi kesho. Mahasimu wa siasa, waliokuwa hawapeani hata mkono, walionekana wameshika machela moja, huyu mbele, yule nyuma. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, maduka yakafungwa, na waliokuwa na blanketi mbili walitoa moja. Jumatano redio ilimhoji Dobi mwenyewe, mtangazaji akamwita mzalendo wa kweli, Dobi akajibu kwamba yeye anafua nguo tu. Watu walilipenda jibu hilo kuliko hotuba zote za wiki ile.

"Namba thelathini na saba," alisema Karani, akausogeza mfuko.

Lilitoka koti la kijivu. Dobi alilijua kabla hajaligusa. Kola aliipindua kwa sababu mkono ulishazoea: mishono miwili ya kijani, na mmoja mwekundu umeikata katikati. Nyumba ya Mwalimu Mkuu.

Ila Mwalimu hakuwa amelivaa. Jumatatu alfajiri, saa kumi na moja, Dobi mwenyewe alilitoa koti hili kwenye kamba na kumvisha shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana ambaye mtaa ulimwita Injinia kwa sababu aliwahi kuifungua simu yake nzima ili apate kipuri cha kutengenezea simu ya jirani, na zote mbili zikafa. Injinia alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi kiwandani, na mtu haendi kwenye usaili na shati lililopauka. Kuazimisha nguo za wateja ni jambo ambalo madobi wote hulifanya na wote hulikana. Mwalimu alikuwa amesema koti atalihitaji wiki inayofuata. Kumbe akabadili safari. Saa kumi na mbili alipita mbio akielekea stesheni, akaliulizia, na Dobi akamwambia, macho makavu, "Bado bichi, Mwalimu."

Lakini Injinia alipewa nauli ya basi. Dobi alimhesabia mkononi. Aliing'ang'ania fikra hiyo huku akitoa suruali nyeusi iliyokuwa chini ya koti. Jumapili mkewe aliiteremsha pindo suruali ya mdogo wake, na kwa kuwa uzi mweusi ulikuwa umekwisha, alishonea mweupe, kisha akaupaka wino wa kalamu. Dobi akatazama pindo. Wino ulikuwa umetoka wote. Nauli ya treni ni nusu ya ile ya basi, na Injinia alikuwa mtu wa kubana matumizi.

"Dobi, tunakusikiliza," alisema Karani.

Nyuma ya Dobi, kwenye benchi, wanawake walikuwa wamekaa siku ya nne wakisubiri neno litoke kinywani mwake, na Mama Mwalimu, mmoja wao, alikuwa ameinuka kutazama madawati ya mwisho.

"Koti ni la Mwalimu," alisema.

Ilikuwa kweli tupu. Alitaka kuongeza neno la pili, na ulimi ukagoma. Karani akaandika, akagonga mhuri. Mama Mwalimu akaja, akamshika Dobi mikono yote miwili, akapiga goti pale pale sakafuni, mwanamke ambaye alikuwa amefundisha nusu ya watu waliomo ukumbini kusoma.

"Alitoka nyumbani akisema atapita kwako kulichukua," alisema. "Sikujua kama alilikuta. Ahsante, baba. Kesho nami nitakuwa na mtu wa kuzika."

Dobi akamwinua. Akasema pole. Kisha akasema anajisikia vibaya, na Karani akamwambia nenda kapumzike, ndugu yangu, umetumika vya kutosha.

Nyumbani ua ulikuwa mweupe kwa mashuka ya hospitali, ambayo mkewe alikuwa akiyafua bure tangu Jumanne. Katikati ya mashuka alisimama na mwiko, akikoroga sufuria kubwa ya uji wa watoa damu. Mjumbe wa mtaa alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamsubiri Dobi kwa hamu.

"Umepanda cheo, mzee," alisema Mjumbe. "Kesho kwenye mazishi ya taifa utasimama mstari wa mbele, na wakubwa. Wameniagiza nikwambie uvae koti zuri. Koti unalo?"

"Dobi atakosaje koti?" alidakia mkewe, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokuwa hawajacheka siku nne.

Mjumbe alipoondoka, mkewe aliendelea kukoroga. "Injinia akisikia umesimama na wakubwa, hatutalala humu ndani. Atasema ni yeye aliyekufundisha kuongea redioni." Hakuwa na wasiwasi na mdogo wake. Basi lilifika salama, kila mtu alijua, na ukimya wa siku nne aliuhesabu kuwa kazi imepatikana, maana waliambiwa atakayefaulu anaanza siku hiyo hiyo. Machozi yake yote ya wiki ile alikuwa amewalilia watu wengine.

"Mke wangu," alisema Dobi, "Injinia alipanda treni."

"Nani kakwambia?"

"Nimeiona suruali. Ile ya uzi mweupe."

Mwiko haukusimama. "Uzi mweupe unauzwa kila duka."

"Na koti."

"Injinia hana koti."

"Nilimwazima. La Mwalimu."

Hapo mwiko ukasimama. Mkewe alirudi nyuma hatua mbili akakaa juu ya kapu la nguo chafu, anamtazama mumewe kama mtu anayesubiri aambiwe ni mzaha. Uji ukaanza kuungua na hakuna aliyeuangalia.

"Umewaambia ni mdogo wangu?"

"Nimesema koti ni la Mwalimu."

"Sikukuuliza koti la nani."

"Wameandika Mwalimu. Kesho wanamzika kwa jina la Mwalimu."

Mkewe alilia. Alilia kwa sauti iliyovuka mashuka na ukuta, na majirani wakaja mbio, wakamkuta Dobi amesimama tu kama mti. Walimshika mkewe mabega, wakampangusa uso. Walidhani analia msiba wa nchi kama walivyoulia wao. "Pole, dada, pole," mmoja alimwambia. "Yatosha sasa. Sote tumefiwa." Dobi aliwatazama wakimfariji mkewe kwa kifo kisichokuwa chake, naye hakuthubutu kuwaambia cha kwake ni kipi. Mmoja aliiepua sufuria. Mwingine alikaa naye mpaka kilio kikawa kwikwi. Kisha wakatoka, wakiambizana mlangoni kwamba mwanamke huyu ana moyo wa kizalendo.

"Nikisema," alianza Dobi walipobaki wawili, "ni nani ataniletea hata soksi? Tutakula nini humu?"

"Na usiposema? Utasimama pale mbele umevaa koti la nani, na mdogo wangu yuko ndani ya sanduku anaitwa jina la mtu mzima mwenye watoto wake?"

"Kule atazikwa na bendera. Atazikwa kama mtu mkubwa."

"Atazikwa kama mtu mwingine." Alisimama, akajifunga mtandio. "Vaa viatu. Jua bado liko juu."

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa imejaa mpaka barazani. Dobi alipotokea getini watu walisimama. "Mpisheni Dobi," ilisemwa, na njia ikafunguka, kiti cha mbao kikaletwa, mtoto akafukuzwa kwenye kivuli. Mtu aliyekuwa mbali alinyoosha shingo apate kumwona. Hayo yote yaliuma kuliko matusi. Hakukaa.

Mama Mwalimu alikuwa kwenye mkeka sebuleni, binti yake mkubwa amemwegemea. Mke wa Dobi akaketi karibu nao bila kusema kitu. Dobi alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi, na akaanza kwa kuzunguka. Alisema kazi ya dobi ina mitihani yake. Alisema shetani hana rafiki. Mkewe akainua macho akamtazama, na Dobi akaacha shetani apumzike.

"Lile koti halikuwa mwilini mwa Mwalimu," alisema. "Jumatatu nilimwazima shemeji yangu. Mwalimu alipolifuata nilimdanganya kwamba ni bichi. Aliyelala kule, namba thelathini na saba, ni mdogo wa mke wangu."

Mtu mmoja barazani aliinama akaitazama kola ya shati lake mwenyewe, na wa pembeni yake naye akafanya vivyo hivyo. Bibi mmoja alisema taratibu, kama anayejisemea, "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Wallahi waliosema hawakukosea." Hakuna aliyecheka.

Kisha alisimama mdogo wa fundi bomba, ambaye Jumatano Dobi alimtambulia kaka yake kwa mishono mitatu ya bluu. Alikuwa ameshamzika.

"Na kaka yangu?" aliuliza. "Una hakika ni kaka yangu?"

"Yule nina hakika."

"Leo asubuhi kwa Mwalimu nako ulikuwa na hakika."

"Nguo za kaka yako sikumwazima mtu."

"Unasema wewe."

Dobi aliziona akilini familia kumi na moja zikirudi makaburini kuuliza upya, na hakuwa na kingine cha kuwapa ila neno lake, neno ambalo sasa halikuwa na thamani ya kipande cha sabuni. Uzi ulikuwa haujawahi kusema uongo. Ni yeye.

"Kwa hiyo baba hajafa?" alisema binti.

Aliuliza kwa matumaini, na watu wazima walioko chumbani waliinamisha nyuso. Mama Mwalimu alimshika mkono bila kumjibu. Aliposema na Dobi, hakumtukana.

"Alipotoka kwako Jumatatu, alikuwa amevaa nini?"

"Sweta. La kahawia."

"La kahawia," alirudia. "Nililifua mwenyewe, halijawahi kufika kwako, kwa hiyo halina alama. Namba hamsini na mbili. Leo asubuhi, kabla hujasema, nilikuwa nimesimama penye dawati hilo. Nilishika mkono wa lile sweta. Kiwiko kilikuwa kimetatuka, na nilikuwa nataka kumwita Karani nimwambie, huyu. Ndipo ukasema koti. Nikajiambia, masweta kama haya yako mengi mjini. Nikaliweka chini."

"Basi twende sasa hivi tukawaambie, mama," alisema mke wa Dobi, ameshanyanyuka nusu. "Bado yuko pale."

Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea mlango alikohoa. Alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuchimba makaburi, na udongo ulikuwa bado kwenye suruali yake.

"Hawapo," alisema. "Wasiojulikana tumewazika leo saa kumi. Kumi na tisa. Tumeambiwa tusingoje kesho."

Binti ndiye aliyelia kwanza. Mama Mwalimu alikaa vile vile, ametoa mkono mmoja mbele, vidole vimejikunja kidogo, kama bado ameshika kitu. Mke wa Dobi akausogelea mkono huo akaukamata, na wakabaki hivyo, mmoja mwenye maiti isiyo na jina na mwingine mwenye jina lisilo na maiti.

Asubuhi ya Ijumaa Dobi, mkewe na Mama Mwalimu walikwenda kwa Karani. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akajikandamiza macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatatu.

"Orodha imeshasainiwa," alisema. "Iko mikononi mwa wakubwa. Vituo vyote vinarusha moja kwa moja. Ndugu zangu, nchi imeshikamana leo kuliko nilivyowahi kuiona maishani, tusije tukaivuruga kwa habari ya koti. Wiki ijayo leteni barua."

Uwanjani masanduku yalikuwa thelathini na manane, kila moja na bendera yake, na watu walikuwa wengi kiasi kwamba waliopanda kwenye mapaa hawakuhesabika. Wimbo wa taifa ulipoanza hakuna aliyehimizwa kuimba. Uliimbwa na wote, wengine wakilia katikati ya mistari. Dobi aliimba pia, nyuma kabisa, kwenye uzio. Habari ilikuwa imeshatembea, habari haina mguu mbovu, na watu waliokuwa karibu yake walikuwa wamesogea hatua moja moja mpaka akawa na nafasi ya kutosha watu wanne. Mstari wa mbele nafasi yake aliijaza Mjumbe.

Mkubwa alisoma majina polepole. Kila jina likisomwa, ndugu waliinuka wakaenda kuweka mkono juu ya sanduku. Lilipokuja la Mwalimu, wanafunzi mia mbili wenye sare walisimama tayari kuimba. Mama Mwalimu naye akasimama. Alimvuta mke wa Dobi kwa mkono, wakaenda pamoja.

Kijana wa itifaki aliwazuia kwa adabu. "Ndugu wa karibu tu, mama."

"Huyu ndiye ndugu wa karibu," alisema Mama Mwalimu. Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti cha mkubwa kilikuwa hatua mbili tu, na uwanja ukasikia. "Mimi sina mtu humu. Mume wangu mmemzika jana. Humu yumo mdogo wa huyu, alikuwa anakwenda kutafuta kazi."

Mkubwa aliangalia karatasi yake, akaangalia wasaidizi. Mmoja wao alimnong'oneza mama, "Si wakati wake, mama. Nchi nzima inatutazama."

"Itazame."

Wanafunzi walikuwa wamesimama midomo wazi, hawajui waimbe au wakae. Mama Mwalimu akawageukia, kwa sauti ile ile waliyoizoea ya darasani. "Imbeni. Huyu naye ni mtu."

Wakaimba. Sauti zilianza kwa kutetemeka, kisha zikapata nguvu, na watu wa mapaani wakazidaka. Mke wa Dobi aliinama akalaza shavu juu ya bendera, akamwita mdogo wake kwa jina la utotoni, lile ambalo mama yao pekee alilitumia, na akakaa hapo muda mrefu kuliko ruhusa. Hakuna aliyemwondoa. Dobi kule kwenye uzio aliuma kofia yake ili asitoe sauti.

Sherehe ilipokwisha, bendera zilikunjwa zikagawiwa kwa kufuata orodha, na ya namba thelathini na saba akapewa Mama Mwalimu. Alimpa mke wa Dobi. Mke wa Dobi akaisukuma irudi.

"Mimi nimemzika wangu," alisema. "Hii imetoka kwa jina la mumeo." Kisha akamtafuta mumewe kwa macho mpaka kwenye uzio, akamwonyesha kwa kichwa: mfuate Mama Mwalimu.

Kaburi la wasiojulikana lilikuwa nyuma ya makaburi mengine yote, karibu na shimo la taka. Ulikuwa mstari mmoja mrefu wa udongo mbichi, hatua thelathini au zaidi, bila kigingi, bila namba, maana walizikwa kwa haraka. Mama Mwalimu alisimama kwenye ncha yake, binti pembeni, akaikunjua bendera. Ilitosha kumfunika mtu mmoja.

Dobi alikuwa amebaki nyuma, mbali kidogo, kwa kuogopa. Mama Mwalimu alimsikia, akageuka. Macho yalikuwa makavu kabisa.

"Dobi," alisema. "Yuko wapi?"

Dobi aliutazama udongo kutoka ncha hii hadi ncha ile. Ulikuwa udongo mmoja, rangi moja, kila mahali sawa.

"Sijui, mama," alisema.

Basi Mama Mwalimu akaanza kutembea kando ya kaburi, polepole, bendera imefunguka mikononi, akisimama kila hatua mbili kuangalia chini. Alipofika mwisho aligeuka, akaanza upya.